Sufuria ya Kilosa

Wahenga walinena kuwa damu ni nzito kuliko maji. Mimi nimeyaona maji yakiishinda damu. Mto Mkondoa ulipovunja tuta lake Desemba 2009, ndugu wawili wa mke wangu walitengana. Mkubwa alibaki hemani Kilosa. Mdogo alihamia Mikumi, mji uliopewa jina la mti tuuitao mvumo huku pwani. Kisha wakagombania kiwanja cha marehemu baba yao, wakanuniana miaka mingi.

Waliowakutanisha hawakuwa wazee wala hakimu. Ni vijana wa pale pale, wa kujitolea, waliochangishana mchele, wakatandika majamvi uwanjani na kuwaalika wenyeji wote, waliobaki na waliohama. Hawakuhutubu. Waliwapa shemeji zangu kazi moja tu: kuipua sufuria kubwa ya pilau, huyu ashike sikio hili, yule lile. Sufuria ya moto haibebwi kwa kununa. Ilipoyumba, mdogo akasema, "Taratibu, kaka."

Kiwanja hakijagawanywa bado. Lakini siku hizi hukizungumza wakiwa wamekaa jamvi moja.