Mwalimu Aliyevuka Bahari

Watu wa nchi yetu waliwajua Wahindi kwanza kwa mambo mawili: reli na duka. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli ya Mombasa mpaka Ziwa Viktoria. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa kazini, na baadhi walibaki. Baadaye tawi la reli lilitoka Konza, likapita Kajiado, likashuka mpaka Ziwa Magadi. Wenye maduka nao walifuata, na mizani yao ikawa jambo la kawaida katika miji yetu midogo. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa Waasia ni kabila la 44 la nchi hii.

Mimi niishiye pande za Laiser Hill, katika nchi ya Kajiado, nimefikiri mara nyingi juu ya namna ya tatu ya Mhindi aliyesafiri. Huyo hakuchukua nyundo wala mizani. Bidhaa yake ilikuwa mwili wake na pumzi zake, na kazi yake ilikuwa kufundisha. Walimu wa yoga waliotoka India kwenda nchi za mbali ni wengi, lakini nitasema juu ya mmoja tu, kwa kuwa maisha yake yana mafunzo kwa kila kijana anayesoma leo akitazamia kazi ya ugenini kesho. Jina lake ni B. K. S. Iyengar.

Alizaliwa tarehe 14 Disemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India. Mwaka ule homa ya mafua iliua mamilioni ya watu duniani, na mama yake mwenyewe alikuwa mgonjwa alipomzaa. Mtoto alitoka dhaifu. Mikono yake ilikuwa myembamba, miguu haikuwa na nguvu, na katika utoto wake alipatwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa shule, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 9 hivi. Jina la kijiji na jina la baba vimo katika herufi zile zinazotangulia jina lake: Bellur, Krishnamachar, na Sundararaja, jina lake mwenyewe. Kila alikokwenda duniani alichukua kijiji chake na mzazi wake pamoja naye.

Mwaka 1934 shemeji yake, mume wa dada yake, alimwita mji wa Mysore. Shemeji huyo alikuwa Krishnamacharya, mwalimu mashuhuri wa yoga, mtu mkali asiyependa uvivu. Kwanza hakumtazamia kijana kuwa kitu. Kijana naye hakuwa na sifa ya kujivunia shuleni, maana alianguka katika mtihani wa Kiingereza, na mlango wa elimu ya juu ukafungwa mbele yake. Hata hivyo, mwaka 1937, akiwa na miaka 18, alipelekwa Pune kufundisha yoga, na sababu mojawapo ya kuchaguliwa ilikuwa kwamba alijua Kiingereza kidogo. Tazameni mambo ya dunia: lugha iliyomwangusha darasani ndiyo iliyompa kazi.

Pune ilikuwa India, lakini kwake ilikuwa ugenini. Watu wake walisema Kimarathi, lugha asiyoijua. Wanafunzi wengi walimzidi umri, elimu na nguvu. Alikuwapo pale bila mwalimu wa kumwongoza, akajifunza kwa kujitesa saa nyingi kila siku. Siku nyingine alikula wali mtupu, na siku nyingine maji ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Mwaka 1943 alimwoa Ramamani, naye akawa msaidizi wake katika mazoezi. Ukiuliza nani alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa mwalimu huyu, nitajibu kuwa ni mwili wake mwenyewe uliokuwa mgonjwa.

Labda msomaji atauliza, yoga ni nini? Neno hili la Kisanskriti lina asili moja na neno la kufunga nira. Mkulima wa Ukambani anayelima kwa maksai anajua maana ya nira: wanyama wawili wenye nguvu, kila mmoja na nia yake, huunganishwa wakavuta jembe moja. Yoga hutaka kuuunganisha mwili, pumzi na fikira namna hiyo. Katika mikao yake kuna mmoja uitwao mti, ambao mtu husimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja, akiwa ametulia kabisa. Huku kwetu mchungaji wa Kimaasai husimama hivyo mbugani, ameegemea mkuki au fimbo, akiangalia ng'ombe. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba utulivu wa mwili si mali ya taifa moja.

Mlango wa nchi za nje ulifunguliwa mwaka 1952. Mpiga fidla maarufu wa dunia, Yehudi Menuhin, alifika India akiwa amechoka na mwili wake una maumivu. Iyengar aliambiwa kuwa atapewa dakika chache tu. Alimlaza mgeni, akamfundisha kutulia, na mgeni akapata usingizi mzuri ambao hakuupata kwa muda mrefu. Mazungumzo ya dakika chache yakawa urafiki wa maisha. Mwaka 1954 Menuhin alimwalika Uswisi na Uingereza, akampa saa iliyochorwa maneno ya kumtaja kuwa ndiye mwalimu wake bora wa fidla. Mtu asiyepiga fidla alipewa sifa hiyo kwa sababu aliuponya mkono uliokuwa ukiipiga. Baadaye alimfundisha Elisabeth, malkia mjane wa Ubelgiji, kusimama kwa kichwa, naye malkia alikwisha kupita miaka 80.

Msidhani kwamba njia yote ilitandikwa mazulia. Katika safari zake za kwanza Ulaya, na Marekani mwaka 1956, alikutana na ubaguzi wa rangi. Wako waliomtazama kama mchezaji wa mazingaombwe, na wako waliomtazama kama mtu asiyestahili kuketi pamoja nao. Hakurudisha tusi kwa tusi. Alirudi tena na tena, akafundisha hata watu wachache waliokuja, mpaka wachache wakawa wengi. Dharau ni mlango ambao aghalabu haufunguki kwa kupigwa mateke, bali kwa mtu wa ndani kuona haja ya kilicho nje.

Kulikuwa na mtihani mwingine, mgumu kuliko dharau. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa elimu wa jiji la London walikubali yoga yake ifundishwe katika madarasa ya watu wazima, kwa sharti kwamba mafundisho ya kiroho yasiingizwe. Je, alikubali kuuza nusu ya urithi wake? Swali hili linatuhusu sisi pia, maana hata hapa wako wazazi Wakristo na Waislamu wanaoogopa kwamba mikao ya yoga itawaingiza watoto katika dini nyingine. Hofu yao haifai kuchekwa, kwa kuwa yoga ilikua kweli katika ardhi ya dini za India. Lakini mimi naona Iyengar alitenda kwa busara. Aliamini kwamba anayejifunza kusimama sawasawa kwa bidii na ukweli anajifunza jambo la ndani pia, bila ya kuhubiriwa. Mgeni mwema haweki mezani vyakula vyote vya kwao siku ya kwanza. Huweka kile ambacho mwenyeji anaweza kukila, na mengine humwachia mwenyeji kuyaomba.

Ustadi wake ulikuwa katika kuangalia. Mwalimu mwingine angemwambia mgonjwa asiyeweza kuinama kuwa yoga haimfai. Yeye alitafuta kiti, mkanda, gogo la mbao, kamba au blanketi, akavifanya vyombo vya kumsaidia mgonjwa afike alipotakiwa. Mwaka 1966 kitabu chake kikubwa, Light on Yoga, kilitolewa. Ndani yake mna maelezo ya mikao 200 na picha zipatazo 600, na aliyejipinda katika picha hizo ni yule mtoto wa Bellur ambaye wengi walidhani hataishi.

Sifa zisitufanye tufiche kasoro. Iyengar alikuwa mkali mno. Alifokea wanafunzi, na wengine aliwapiga makofi katika kuwanyosha. Wako waliomtetea kwa kusema kwamba alirithi ukali huo kwa mwalimu wake. Mimi sikubali utetezi huo. Kenya ilikataza viboko shuleni mwaka 2001, na ni vema ilivyokataza. Mtu aweza kuwa mwalimu mkubwa na bado akawa na tabia isiyofaa kuigwa. Kijana mwenye akili huchukua nafaka na kuyaacha makapi.

Mwaka 1973 mkewe alifariki, na chuo alichokifungua Pune mwaka 1975 alikiita kwa jina la mkewe. Mwaka 1979 alipata ajali ya pikipiki, akaumia vibaya, akalazimika kuanza upya mazoezi aliyoyajua tangu ujana. Alianza bila haya, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Alifariki Pune tarehe 20 Agosti 2014, akiwa na miaka 95. Miezi michache baadaye, katika Disemba 2014, Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga duniani. Nairobi nako shirika lililoanzishwa mwaka 2007 limewafundisha vijana wa Kenya kuwa walimu wa yoga, na kwa baadhi yao kazi hiyo imekuwa riziki.

Nasema haya kwa vijana wa Kajiado, Kitengela na kwingineko, kwa kuwa wengi wenu mtavuka bahari. Mtakwenda kuwa wauguzi, madereva, mafundi na walimu katika nchi za Ghuba, Ulaya na Marekani. Watu watawauliza mna vyeti gani, na ni haki yao kuuliza. Lakini kuna swali jingine watakalouliza kwa macho tu: je, mtu huyu anaijua kazi yake? Swali hilo halijibiwi kwa kinywa. Hujibiwa na mazoezi ya miaka mingi yaliyofanywa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kutazama wala wa kusifu. Anayetaka kuheshimiwa ugenini na aanze kujifunza nyumbani, leo, kwa mwili huu alio nao, hata kama ni dhaifu.