Biskuti za Simba wa Kambarage

Mwambie mtu wa Dar kwamba unakwenda Kambarage, Shinyanga, uone. Swali la kwanza: "Kwani Yanga wanacheza huko wikiendi hii?" Uwanja wa CCM Kambarage ndio ulioifanya kata hii ijulikane nchi nzima, hasa pale Stand United, Chama la Wana, walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na vigogo wa Dar wakalazimika kuja kulitafuna vumbi la Usukumani. Mimi lakini sikwenda kwa ajili ya mpira. Nilikwenda kuwasalimia kaka na wifi yangu, nikarudi na ujuzi wa kuoka biskuti za mbwa. Usicheke kwanza, msomaji wangu.

Julai ndiyo saa ya kuiona Shinyanga ilivyo. Asubuhi baridi ya kutafuta sweta, mchana jua la utosi, na upepo unaozoa kila kitu kilichoachwa bila jiwe juu yake. Nyuma ya nyumba nyingi utakuta turubai limetandazwa, juu yake viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba: michembe hiyo. Kwa wifi kulikuwa na turubai mbili. Moja ya michembe, nyingine ya kitu cha kahawia kilichosagikasagika, chenye harufu kati ya mkate na uji uliochacha. "Hayo ni machicha, wifi," aliniambia baada ya mwangaluka na maulizo ya safari. "Ya mbwa."

Wifi anapika pombe ya mtama mara mbili kwa wiki na kuipeleka kilabuni. Kaka ni dereva mgodini, upande wa Geita. Anakaa huko wiki tatu, anarudi nyumbani moja. Ndoa nyingi za ukanda huu wa dhahabu zinaendeshwa hivyo, kwa simu na kwa kalenda. Kwa hizo wiki tatu, mlinzi wa nyumba, wa wifi na wa watoto wawili ni mbwa mmoja wa rangi ya vumbi anayeitwa Simba. Kaka ni Yanga damu, na nasikia jina alilitoa makusudi, ili apate raha ya kumfokea Simba kila siku.

Sasa huyo Simba alikuwa mlevi. Si utani. Machicha ya pombe alikuwa akimwagiwa kwenye karai yakiwa bado ya moto wa kuchachuka, anakula mpaka tumbo linabenuka, halafu anayumba hadi getini na kuzimika. Usiku mmoja wezi walimruka akikoroma, wakaondoka na baiskeli na majogoo mawili. Wifi aliamka kukojolesha mtoto, akakuta geti liko wazi. "Baiskeli si kitu," aliniambia. "Niliwaza wangeamua kuingia ndani."

Hapo ndipo alipoanza kuyafikiria machicha kwa akili nyingine. Na hapa lazima nikupitishe jikoni kidogo, maana siri yote iko kwenye siku ya kuchuja.

Pombe ya wifi inaanza na mtama uliolowekwa, ukachipua, ukakaushwa juani na kusagwa. Hicho ni kimea. Anapika uji mzito, anauacha upoe, anatia kimea, na usiku kucha wanga unageuka sukari. Asubuhi ukionja utasema ni togwa, na kweli ni togwa. Ukiachwa, siku inayofuata unaanza kutoa mapovu, sukari inageuka kilevi, na pombe ikishaiva ndipo inakamuliwa kwa kiroba safi. Kinachobaki kirobani ni machicha.

Wazungu wanaopika bia nyumbani kama hobi nao wana machicha yao, ya shayiri, na huko Marekani kuyaokea mbwa biskuti ni jambo la kawaida kabisa. Ila wao wanachuja nafaka kabla ya kutia hamira, kwa hiyo machicha yao hayana kilevi. Kinachowatisha wao ni hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Mbwa akiyala, joto la mwili linaweza kupanda ghafla likamuua. Sisi kwenye pombe ya mtama hopsi hatuna. Lakini tunachuja mwisho, kwa hiyo machicha yetu yanatoka na kilevi pamoja na hamira ambayo bado iko hai. Kilevi ni sumu kwa mbwa, mwili wake haukiwezi kama wa mlevi wa kilabuni, na hamira hai inaweza kuendelea kuumuka tumboni mwake. Ukichukua maelekezo ya kizungu ukayatumia na machicha ya kilabuni, umempa mbwa chupa.

Dawa ya wifi ni rahisi mno: anachota sehemu yake asubuhi ile ya kwanza, uji ukiwa bado mtamu. Anachuja. Togwa wanakunywa watoto, machicha yanakwenda kwenye turubai. Lililobaki pipani linaendelea na safari yake ya kilabuni.

Vipimo vyake ni hivi: machicha yaliyokamuliwa vikombe 4, unga vikombe 2, karanga zilizosagwa zikawa laini kikombe 1, yai 1. Unga anachanganya wa ngano na wa michembe, maana michembe haiishi humo ndani. Chumvi hatii, sukari hatii, na vitunguu ndiyo kabisa, kwa sababu vinaharibu damu ya mbwa. Anakanda, anasukuma kwa chupa, anakata kwa kisu, anapanga kwenye sufuria pana yenye mkaa chini na mkaa kwenye mfuniko, kama keki ya mkaa. Nusu saa zinaiva. Kisha anapunguza moto na kuziacha saa nyingi mpaka zikatike "ka!" mkononi.

Hilo la kukauka si urembo. Machicha mabichi hayalali siku mbili bila kuota ukungu, na ukungu wa nafaka unaweza kuleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Mbwa naye haimwachi. Yakinuka vibaya au yakibadilika rangi, wifi anayafukia. Hata kuku hawapi.

Kaka alipopigiwa simu kuelezwa mradi huu alikuja juu. "Yaani unamwokea mbwa biskuti, mimi huku nakula ugali wa kambini?" Wifi akamjibu, "Njoo uoke zako." Nilikuwa nimekaa pembeni, nikajidai nachambua mchele.

Biskuti zenyewe si chakula, ni zawadi. Mbili tatu kwa siku, zikizidi tumbo linaharisha. Lakini ndani ya wiki chache Simba alijua jambo ambalo mbwa wengi wa mitaani kwetu hawajawahi kufundishwa: akiitwa, anakuja. Akishikwa shingo, anatulia. Mwanzoni niliona ni mbwembwe, mpaka ilipotangazwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ugonjwa ule dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna. Karibu wote wanaokufa nao duniani wameng'atwa na mbwa, wakiwemo watoto wengi. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 7 kati ya 10 mahali fulani, unaukata usiendelee kusambaa. Shida ni kuwafikisha hao saba. Asubuhi ile niliona wanaume wazima wakiburuzwa na mbwa, mwingine kamba imekatika, mwingine kachanwa suruali na mbwa wake mwenyewe. Wapo waliokata tamaa wakarudi nyumbani. (Na ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona mbwa atafanyaje.)

Mpwa wangu, miaka tisa, alimleta Simba kwa kamba ya katani mkono mmoja na biskuti mkono mwingine. Sindano ikaingia, Simba anatafuna. Mtaalamu wa mifugo akauliza anampa nini huyu mbwa, na kabla hatujaondoka wanawake watatu walishamzunguka wifi wanauliza vipimo.

Kaka alifika Ijumaa usiku na lori la mgodi. Simba alibweka kabla hata honi haijalia, mtaa mzima ukaamka. Asubuhi nilimkuta kaka jikoni na kikombe cha chai, kopo la biskuti limefunguka mbele yake.

"Hizi mmeweka karanga eeh?" alisema, akachukua nyingine.