Risasi Isiyo na Mlio

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii niliikariri tangu darasa la nne, nikaipamba nayo insha nyingi na kupata alama, lakini maana yake hasa sikuijua hadi mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Pili. Msomaji mpenzi, tega sikio.

Baba yangu ni mvuvi. Siku bahari ikichafuka, alikuwa akiketi uani akiyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari ili atengeneze chubwi za mishipi na nyavu. Wavuvi wenzake walizinunua. Karo yangu na sare yangu zilitoka katika sufuria ile nyeusi. Nami nilikuwa msaidizi wake. Nikitoka shule navunja betri kwa shoka, na vipande vinavyong'aa nampa kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka minne, achezee.

Basi mtoto akaanza kulia tumbo. Choo hapati, chakula hataki, na uso umempauka. Akawa mkali ovyo, naye alikuwa mtoto wa kucheka na kila mtu. Tukampa dawa ya minyoo, wapi! Jirani akasema ni kijicho. Shangazi akaleta chupa aliyouziwa ndani ya matatu, ati inasafisha sumu zote mwilini. Mtoto akazidi kudhoofu, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea.

Hatimaye tulimpeleka hospitali kubwa ya mjini. Daktari, mama wa makamo, akauliza, "Mzee, nyumbani kuna mtu anayeshughulika na betri, rangi au madini yoyote?"

Baba akajibu haraka, "Hapana, Daktari. Mimi ni mvuvi tu."

Nilitazama sakafu. Kwetu mtoto hamkosoi mzazi mbele za watu. Lakini mdogo wangu alikuwa amelala mapajani mwa Mama kama kitambaa kilicholoa. Nikasema, sauti ikitetemeka, "Samahani, Baba. Daktari, tunayeyusha betri uani." Baba hakunitazama. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakunena neno.

Majibu ya damu yalipotoka, risasi ilikuwa mikrogramu 62 kwa kila desilita. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mtoto akifikia 45 yafaa apewe dawa ya kuitoa. Bibi aliposikia kuwa mjukuu wake ana risasi mwilini alipiga ukemi, "Masalale! Nani kampiga?" Tulicheka, kisha Mama akaangua kilio.

Tiba yenyewe huitwa kilesheni. Daktari alinieleza kuwa jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Mimi mtoto wa mvuvi nilielewa papo hapo! Dawa huishika risasi ndani ya damu kama gando linavyoshika kidole, kisha huondoka nayo kwa mkojo. Mdogo wangu alipewa saksima, vidonge vya kumeza kwa siku 19: siku 5 za kwanza kila baada ya saa 8, na siku 14 zilizobaki kila baada ya saa 12. Dawa hiyo ina salfa, nayo hunuka kama yai viza. Tulikifungua kidonge tukachanganya unga wake na uji, na bado ilikuwa vita. Mimi ndiye niliyeamka usiku kumpa.

Lakini daktari alitutahadharisha: "Dawa ya kwanza si hii. Dawa ya kwanza ni kuiondoa risasi nyumbani. Mkimrudisha uani kule, mtakuwa mnateka maji kwa pakacha." Hapo ndipo Baba aliponyanyuka. Aliitoa sufuria, akachimba udongo wa juu wa ua wote, tukaumwagia maji ili vumbi lisipae, ukachukuliwa mbali na watoto. Ndani tukaacha kufagia kukavu, tukapiga deki. Jioni ile aliniita, akasema, "Mwanangu, ulinivunjia heshima, lakini umeniokolea mtoto." Sijasahau.

Baada ya zile siku 19 kipimo kilishuka hadi 24. Tulishangilia. Wiki mbili baadaye kikapanda hadi 35! Kumbe mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaiweka akiba mifupani, nayo hurudi kwenye damu polepole. Sasa kimeshuka tena, ila bado anapimwa.

Ukweli mchungu ni huu: gando hutoa risasi, halirudishi kilichoharibika. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2001, wa watoto 780 waliokuwa na viwango vya chini ya 45, ulionyesha kuwa saksima ilipunguza risasi katika damu lakini haikuongeza uwezo wa akili. Mdogo wangu anacheka tena, lakini maneno humjia kwa shida. Kila jioni namfundisha majina ya samaki.

Hatukuwa wa kwanza. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 iligunduliwa kuwa watoto zaidi ya 400 walikuwa wamekufa kwa sababu ya risasi iliyotoka katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa nyumbani. Hapa kwetu, Owino Uhuru, Mombasa, Bi. Phyllis Omido aligundua mwanawe mchanga ana sumu hiyo, akapigana na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Yeye naye alisema palipokuwa vigumu kusema.

Wenzangu, kama kwenu kuna betri zinazovunjwa, usingoje dalili. Mwondoe mtoto, nawa mikono, na mpeleke akapimwe. Msinunue chupa za matatu. Hata dawa halisi ya kilesheni ni ya kupewa na daktari tu, kwani kosa dogo laweza kuua. Baba sasa hufunga mawe na vipande vya chuma kwenye nyavu zake. Fedha zimepungua, na karo ya muhula huu bado sijaimaliza. Lakini uani kwetu kumeota nyasi, na mtoto huchezea hapo.