Sura ya Pikseli Sita

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi, kofia magotini, ananitazama mimi, na mimi natazama kompyuta iliyoganda. Mshale hauendi. Feni inalia kama daladala inayopanda mlima. Nikajikausha, nikajifanya kuna kitu nasoma.

Kazi yenyewe kwa kuisikia ilikuwa ndogo. Alileta picha ya mwaka 1971, kubwa kama karatasi ya A3: wafanyakazi wa karakana, mia na ushee, wamejipanga safu nne mbele ya ukuta wa bati. "Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "nitolee ndogo tu, iende kwenye simu za wajukuu." Bosi alikuwa ameshaiskani kwa nukta 2,400 kila inchi. Bosi wetu anaamini kikubwa ndicho bora.

Sasa piga hesabu nami, msomaji. Picha ilitoka na upana wa karibu pikseli 40,000 na urefu wa 28,000. Hizo ni pikseli bilioni 1.12. Kila pikseli inakula baiti 3: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Jumla gigabaiti 3.36, na mashine yangu ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, ambayo nayo inagawana na mambo mengine. Kwenye diski faili lilionekana dogo, megabaiti mia tatu hivi, lakini faili la JPEG ni mkeka uliokunjwa. Mimi nilitaka kuutandika wote ndani ya chumba cha kupanga.

Nikampigia mshikaji wangu mmoja fundi. Akacheka kwanza, halafu akasema, "We, nani kakwambia uufungue wote? Punguza wakati unasoma."

Ndipo nikajifunza. JPEG huigawa picha katika vijiraba vya pikseli 8 kwa 8, na namba ya kwanza inayohifadhiwa ya kila kijiraba hubeba wastani wake. Ukichukua namba hiyo peke yake, kila kijiraba kinakuwa pikseli moja. Ile ya 40,000 inakuwa 5,000 kwa 3,500, yaani megabaiti 52 na ushee badala ya gigabaiti zaidi ya tatu. Ipo programu ya bure, libvips, inayojua ujanja huo, tena inaisoma picha ukanda kwa ukanda: inatandika kipande, inakipunguza, inakikunja, inakwenda kingine.

Hapo nikajiona nimeiva, nikataka kumalizia kwa njia yangu ya mkato. Kufika upana wa pikseli 400, nikaokota pikseli moja kila baada ya kadhaa, nyingine nikazitupa. Lo! Ukuta wa bati ukatoa mawimbi, mistari mipana inayopinda, ambayo ukutani haikuwahi kuwepo. Ukiokota-okota hivyo kwenye mistari iliyosongamana, picha inakudanganya. Inabidi uchanganye majirani wote, utoe wastani. Nikafanya hivyo. Sekunde chache tu, kijipicha hicho hapo, safi, kimetulia. Nikamwita mzee kwa madaha.

Aliinama. Akavaa miwani. Akainama tena.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Nikanyamaza. Kila pikseli ya kijipicha changu ilisimama badala ya pikseli 10,000 za picha kubwa. Uso uliokuwa na upana wa pikseli 600 ulibaki na 6. Niliona safu nne za madoa meupe na meusi, nusura niseme ndiyo hivyo mzee, picha ndogo ni ndogo.

"Alikufa mwaka uliofuata," akasema. "Picha yake ni hiyo tu."

Mashine haikukosea. Ilitenda haki kwa wote sawasawa, bati na watu, na kwa haki hiyo ikamfuta mtu mmoja aliyekuwa anatafutwa. Wastani hauna sura.

Mshikaji, nilipompigia tena, akanieleza wenye picha kubwa kweli wanafanyaje. Mwaka 2022 jumba la makumbusho la Rijksmuseum, kule Amsterdam, Uholanzi, lilitoa picha ya De Nachtwacht, mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642. Picha hiyo ina pikseli bilioni 717, imeungwa kutoka picha 8,439, faili lake terabaiti 5.6. Dude kama hilo halitandikwi lote. Picha za namna hii huandaliwa kwa ngazi: kubwa, nusu yake, nusu ya nusu, mpaka kijipicha, na kila ngazi inakatwa vipande vya mraba. Ukisogelea jicho la mtu, vinakuja vipande vya hapo tu. Na ngazi zote ndogo zikijumlishwa zinaongeza theluthi moja tu ya pikseli.

Nikamjengea mzee ngazi zake. Nikamvutia kiti mbele ya kioo, tukashuka pamoja, ngazi baada ya ngazi, yeye akielekeza kwa kidole kinachotetemeka: safu ya tatu, kulia, karibu na nguzo. Madoa yakawa vichwa, vichwa vikawa nyuso.

"Huyo."

Kijana wa umri wangu, amefumba jicho moja kwa jua. Nikamkata peke yake, nikampunguza taratibu, nikaona jicho lile bado limefumba. Mzee akaondoka na vijipicha viwili: cha karakana nzima, na cha mdogo wake. Mlangoni akageuka: "Ile kubwa usiifute."

Sijaifuta. Na siku hizi mteja akiniletea picha ya watu wengi, kabla sijagusa kitu namuuliza kwanza: unamtafuta nani?