Siku Tatu Kianyaga



Tulipowaarifu majirani zetu wa Kibokoni kwamba twasafiri kwenda Kianyaga, hakuwako hata mmoja aliyelijua jina hilo. Mmoja alidhani twakusudia Kirinyaga na ulimi umeteleza. Tukamweleza kwamba Kirinyaga ndiyo kaunti na Kianyaga ni mji mdogo ndani yake. Mwingine akauliza: kuna nini cha kutazama huko?

Kusema kweli, hatukwenda kutazama. Tulikwenda watatu, mama, shangazi na mama mdogo, kwa nia ya kumrejesha binti yetu. Tangu Januari alikuwa amepangiwa kufundisha Kiswahili huko, peke yake, mbali na jamaa. Barua ya kuomba uhamisho tulikuwa tumekwisha kumwandikia. Ilibaki yeye kutia sahihi. Tuliitia mkobani pamoja na visheti na chupa ya achari ya maembe.

Safari ya treni hadi Nairobi wengi wenu mwaijua. Kutoka hapo tulipanda matatu, tukapita Thika, tukashuka tambarare za Mwea. Hapo Wang'uru magunia ya mchele yalisimama pande zote mbili za barabara, nasi tukanyamaza. Pishori ya Mwea tumeipika maarusini na hitimani miaka yote, twaijua bei yake na harufu yake, lakini hatukuwahi kufikiri inatoka kwenye matope ya nani. Majaruba yale yalianza kuchimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa nguvu za watu waliowekwa kizuizini na Waingereza. Maji yake ni ya mito ya Thiba na Nyamindi, inayoteremka kutoka Mlima Kenya.

Baada ya Kutus barabara hupanda. Mpunga huisha, kahawa huanza, na ukipita Kianyaga kuelekea msituni ni majani ya chai matupu. Mji wenyewe hauna la kujisifia: maduka ya mabati, soko la ndizi na viazi, pikipiki zikingoja abiria, udongo mwekundu uliotushika viatu na pindo za mabuibui. Ilikuwa Julai, na baridi yake si kipupwe chetu. Ukungu ulilala juu ya mapaa tangu asubuhi mpaka magharibi. Usiku wa kwanza tulilala watatu kitanda kimoja na masweta mwilini, kila mmoja akijisemea kwamba barua ile ingeandikwa mapema zaidi.

Binti alituambia kuwa nyama huinunua Embu, ambako Waislamu wako tangu zamani; siku nyingine hula maharagwe na githeri. Tulisikitika. Yeye alicheka.

Siku ya pili alikuja mama mwenye nyumba, bibi mtu mzima ambaye binti humwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikikuyu. Mkononi alishika jogoo hai, amemfunga miguu. Alisema kwamba wageni hawakaribishwi kwa maharagwe. Kisha akaongeza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba anajua sisi hatuli mpaka achinjwe kwa jina la Mungu na mmoja wetu, ndiyo maana hakumgusa. Nani alimfundisha? Hatukuuliza. Mwanamume Mwislamu hakuwako karibu. Shangazi alikunja mikono ya nguo, akaomba kisu kikali. Sheria yamruhusu mwanamke kuchinja, ijapokuwa pwani twawaachia wanaume.

Binti akaonyesha kibla, shangazi akamwelekeza jogoo. Cucu akashangaa.

"Kumbe nanyi mwaelekea mlima?"

"Mlima gani?" shangazi akauliza, kwani mbele yake palikuwa na ukungu tu.

Akatueleza kwamba wazee wa zamani walipotoa kafara waliuelekea Kirinyaga, maana ndiyo makao ya Ngai. Binti akamjibu kwa upole kwamba sisi twaelekea Makka, mbali sana, ng'ambo ya mlima. Cucu akatikisa kichwa kama aliyeridhika. Paja la jogoo lilimwendea yeye.

Alfajiri ya siku ya tatu tulimaliza sala, binti akafungua dirisha lililokuwa mbele ya mikeka yetu. Ukungu ulikuwa umeondoka. Mlima ulisimama pale pale tuliposujudia, mita 5,199, na theluji kidogo kileleni. Siku mbili ulikuwa mbele yetu nasi hatuna habari.

Tulipokuwa twaondoka, watoto wawili wenye sare za shule walimpita sokoni wakamwamkia, "Shikamoo, mwalimu!" Kwao si salamu ya kawaida, ni yeye aliyewafundisha. Aliitika "Marahaba" kwa sauti ya marehemu bibi yake.

Wang'uru tulinunua gunia la pishori. Barua tuliiacha mezani chini ya chupa ya achari, tukamwambia ni yake. Hadi tuandikapo haya hajatuambia ameifanya nini, nasi hatujamwuliza.