Trela ya Masufuria



Kikundi chetu cha akina mama kina mali isiyokuwa kubwa machoni pa watu, lakini haipumziki: masufuria ya pilau, majiko ya chuma, mabusati, viti, na trela ya magurudumu mawili ya kuyabebea hayo yote. Harusi ikiwa Kisauni, khitma ikiwa Mtwapa, trela hufungwa nyuma ya pikapu ya mmoja wetu na kijana wake hushika usukani. Watu husifu pilau. Trela hakuna aliyeitaja, mpaka siku ilipoanza kuyumba.

Ilikuwa safari ya Mambrui. Walipokwisha kupita daraja la Kilifi, walipishana na lori lililokuja kwa kasi. Upepo wake ukaisukuma trela kando, ikarudi, ikaenda upande wa pili zaidi ya mara ya kwanza. Kijana alifanya jambo ambalo twamshukuru Mola kwalo: hakukanyaga breki kwa ghafla, wala hakuongeza mafuta. Aliinua mguu, akaushika usukani ukiwa umenyooka, mwendo ukapungua na trela ikatulia. Angelikaba breki, gari lingepunguza mwendo huku trela ikilisukuma kutoka nyuma, hadi viwili hivyo vikunjane katikati ya barabara. Ndani ya pikapu walikuwamo mabinti wawili wa kikundi. Mama zao hawakulala usiku ule.

Habari zikafika Toronto, aliko ami yake kijana. Akatuma ujumbe kwamba huko Amerika Kaskazini, wavutao trela kubwa hutumia kiungo maalumu cha kugawa uzito, naye yu tayari kutuletea kimoja. Kikaoni wengi walishangilia. Sisi tuandikao haya tulitaka kwanza kufahamu chombo hicho hufanya kazi gani, kwani zawadi ya chuma hukaa nyuma ya gari lenye watoto wetu ndani.

Shingo ya trela haikandamizi katikati ya gari. Hukandamiza nyuma ya ekseli ya nyuma, kama ubao uliowekwa juu ya gogo, ambao ukibonyezwa ncha moja, ya pili huinuka. Chukueni gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, na tufe la kuvutia liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Shingo ikikandamiza kwa kilo 100, ekseli ya nyuma huongezewa kilo 140, na ya mbele hupunguziwa kilo 40. Na magurudumu ya mbele ndiyo yapindayo, ndiyo pia yenye sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha gari. Yakipungukiwa na uzito, usukani huwa mwepesi, na taa za usiku huinuka zikampofusha anayekuja.

Kiungo cha kugawa uzito kina fito mbili ngumu za chuma cha springi, zinazotoka kwenye kiungo na kulala sambamba na shingo. Zikivutwa juu na kukazwa, hurejesha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele ya gari, na sehemu nyingine huipeleka kwenye ekseli ya trela. Wajuzi hupima kimo cha ukingo ulio juu ya gurudumu la mbele mara tatu: kabla ya kufunga trela, baada ya kuifunga, na baada ya kukaza fito, waone kama pua ya gari imeshuka kurudi karibu na ilipokuwa. Ni chombo chema kwa maradhi yake.

Maradhi yetu yalikuwa mengine. Vijana wa kukodi walioipakia trela waliyapanga masufuria na majiko nyuma kabisa, mlangoni, ili yashuke kwanza. Shingo ikawa nyepesi, na trela yenye uzito mwingi nyuma ya ekseli yake hupenda kuyumba. Fito zitagawa uzito gani, ikiwa shingoni haupo?

Hamali wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa haya. Kila mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, naye huipanga mitungi hata mikono ya mkokoteni iwe mizito kidogo tu viganjani. Ikiwa mizito mno, atachoka kabla ya kufika. Ikiwa mepesi mno, mkokoteni utaelemea nyuma na kumnyanyua.

Basi tukamwita fundi wa jua kali, na mizani ya kupimia watu. Trela na mzigo wake, kwa hesabu yetu, ni kilo 800. Amerika Kaskazini husema shingo ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kilo 80 hadi 120. Ulaya hutaja chini ya hapo. Na kikomo kilichoandikwa katika kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kwenye ardhi sawa, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe, tuliiegemeza shingo juu ya mizani kwa kimo kilekile cha tufe. Kwa upakizi wa siku ile: kilo 30. Masufuria yalipohamishwa mbele kidogo ya ekseli: kilo 90.

Tulimwandikia ami kwa heshima. Fito zake hufungwa kwenye shingo ya vyuma viwili vinavyokutana, na yetu ni ya nguzo moja. Tufe letu ni la milimita 50, na kikombe cha inchi 2 ni milimita 50.8, tofauti ndogo, lakini kikombe kikilegea juu ya tufe huweza kuchomoka kwenye matuta. Wala kiungo hicho hakiongezi uwezo wa gari kuvuta.

Fundi amepaka mstari mwekundu sakafuni: masufuria hayavuki kwenda nyuma yake. Lililobaki ni breki, kwani trela yetu haina breki zake yenyewe, na bei aliyoitaja fundi imekigawa kikao nusu kwa nusu. Mpaka waafikiane, viti vitakwenda safari ya pili, na wenye harusi wajulishwe mapema.