Tulibishana juu ya Kompyuta

Katika jamaa yetu hatuwezi kula bukari pamoja pasipo kubishana. Wengine hubishana juu ya mpira, wengine juu ya mahari. Kwetu, tangu mpwa wetu alipoanza masomo ya kompyuta huko Lubumbashi, tunabishana juu ya kompyuta. Wala si juu ya namna ya kuzitumia, bali juu ya habari zake za zamani: nani alianza, nani aliiba, nani alisinzia mwenzake akipita.

Dominika moja tulikuwa nyumbani kwa yaya wetu, Likasi. Mama, ambaye sasa ni mzee sana, alikaa mlangoni akichambua maharagwe. Shemeji yetu ndiye aliyeanza. Alisema kwamba kila kompyuta ina programu moja iliyo kama mnyapara: inaamka mashine inapowashwa, inazigawia programu nyingine kazi, inatunza maandiko yote mahali pake. Alisema vema. Lakini akaongeza, "Na mnyapara wa kwanza ni Windows."

Mwana wake akacheka hata akapaliwa na maji. "Baba, Windows ya kwanza ilitoka mwaka 1985. Unix ilikuwa na miaka 16 tayari! Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani." Akatoa simu yake mfukoni. Hata humu, akasema, mnyapara ni Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, naye alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 tu huko Helsinki.

Shemeji hakupenda kushindwa na mtoto mbele ya wakwe zake. Basi akatoa hadithi ile inayosimuliwa sana. Alikuwapo mtu wa California, jina lake Gary Kildall, aliyetunga mwaka 1974 programu iitwayo CP/M, nayo ilitawala kompyuta ndogo nyingi za siku zile. Mwaka 1980 watu wa IBM wakamwendea kutafuta mnyapara wa mashine yao mpya. Hawakumkuta. "Alikuwa angani anarusha ndege yake, anacheza!" akasema shemeji. "Wakaenda zao kwa Bill Gates. Hivyo ndivyo utajiri ulivyomponyoka."

Sisi tukacheka. Yaya hakucheka. Akarudisha tonge katika sahani.

"Uongo," akasema. "Hakwenda kucheza. Alikwenda kazini."

Kumbe yaya alikuwa ameifuatia habari hiyo kwa bidii sana. Alisema kwamba Kildall alisafiri siku ile kwa ndege yake ndogo kwa shughuli ya biashara. Mke wake Dorothy, aliyefanya naye kazi katika kampuni yao, ndiye aliyewapokea wageni. Wageni wakamwekea karatasi ya kutunza siri, wakitaka aitie sahihi kabla ya maneno mengine yote. Naye akasita, kama mtu yeyote mwenye akili angesita. Yaliyofuata, hata wale waliokuwapo hawapatani katika kuyasimulia. Jambo lililo wazi ni kwamba Microsoft haikuwa na programu ya namna hiyo. Ilinunua ile ambayo Tim Paterson aliitunga mwaka 1980 huko Seattle, naye aliifanya ifuate desturi za CP/M. Kildall alipolalamika, IBM ikakubali kuuza na ya kwake pia. Lakini mashine ilipokwisha kutoka, mwaka 1981, ile ya Microsoft iliuzwa dola 40, na ile ya Kildall dola 240.

"Shemeji, wewe ungenunua ipi?" yaya akauliza. Sauti yake ilitetemeka. "Bei ndiyo iliyomshinda, si ndege. Amekufa mwaka 1994, na miaka 52 tu, na hata leo watu wanasema alikwenda kucheza."

Shemeji alimtazama kwa mshangao. Hakuelewa kwa nini mtu akasirike hivi kwa ajili ya mgeni wa California. Lakini sisi tulielewa, tukainamisha kichwa.

Mwaka 1976 tulikaa katika kambi ya wafanyakazi. Umeme ulikuwa mwingi. Bwawa la Mwadingusha, katika mto Lufira, lilikuwa likifanya kazi tangu 1930. Na sisi watoto tulichezea umeme kama wengine wanavyochezea maji. Tuliwahi kutia msumari katika prizi kuona kama utawaka, tukatupwa chini, na nyumba sita zikakosa taa jioni nzima. Hiyo tulicheka baadaye.

Ya pasi hatukuicheka. Uzi wa pasi ya mama ulikuwa umekatika. Yaya, miaka 13, akaumenya kwa meno, akaunga nyaya, akazifunga kwa karatasi ya daftari. Akatuambia, "Msiitie katika prizi. Naenda kwa jirani kuomba skochi nyeusi ya mafundi." Akaenda. Sisi tunaoandika haya tulikuwa na miaka 10. Tulitaka kuona kama itapata moto. Tukaitia. Na dada yetu mdogo, miguu mitupu juu ya sementi aliyotoka kuiosha mama, akashika uzi pale penye karatasi.

Umeme ukimshika mtu mkononi, misuli hujikaza, vidole hujifunga, na mtu hawezi kuachilia hata akitaka. Dada hakulia hata. Mdomo ulikuwa wazi bila sauti. Mama alikuja na mchi wa kutwanga, mti mkavu, akaupiga uzi hata prizi ikatoka. Kama angemvuta kwa mikono yake, tungewazika wawili.

Jioni baba akauliza, "Yaya wenu alikuwa wapi?" Tukajibu, "Alikwenda kucheza mpira." Yaya akapigwa. Hakujitetea, au tuseme alijitetea na hakuna aliyesikia. Tangu siku hiyo, kila harusi, kila matanga, kovu la dada likionekana, mtu husema: ah, siku ile yaya alipokwenda mpira. Baba alikufa akisema hivyo.

Basi Dominika ile, mbele ya watu wote, tulisema. Tulisema ni sisi tuliotia uzi katika prizi, na yaya alikuwa amekwenda kuomba skochi. Tulitazamia hasira. Dada akafungua kiganja chake, akakitazama kama kitu kigeni. Mwana wake akaizima simu. Yaya akakaa muda mrefu, halafu akauliza jambo moja tu: "Mimi nilirudi nayo mkononi, ile skochi. Nikaitupa nilipowaona. Ilikwenda wapi?"

Mama hakuinua macho katika maharagwe.

"Niliiokota nyuma ya nyumba," akasema. "Nikafungia mpini wa jembe."